Unga Wako Nimeutaja Ukumbini

Shinyanga,
Jumapili mchana

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, niambie kwanza habari za mgongo wako. Ile mashine ya kusaga bado inakutetemesha mpaka kiunoni, au ulikwenda kumwona daktari kama ulivyoniahidi? Na Baba anaendeleaje na miguu yake? Anatembea mpaka msikitini, au anamtuma mwanao Sauda akamwambie imamu kwamba leo hali si nzuri, huku redio inasikika mpaka barabarani? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haukai kitako. Tangu asubuhi nimeketi mezani nikainuka, nikaketi nikainuka. Nimefagia chumba ambacho hakikuwa kichafu, nimefua shuka lililokuwa safi, nimekwenda sokoni kununua nyanya nikarudi na sabuni. Sasa nimefunga mlango na nimeapa siinuki tena mpaka barua hii iishe.

Najua utashangaa kuipata. Utasema, "Zuhura ameibiwa simu?" Sijaibiwa. Lakini wewe na mimi kwenye simu hatujawahi kumaliza jambo zito. Nikianza kueleza, unaniuliza kama nimekula. Nikijibu, mteja anabisha dirishani. Nikipandisha sauti unaniita Mheshimiwa na kucheka, nami nikisikia kicheko chako nasahau nilichokusudia. Jambo la leo nataka ulisome lote, mimi nisikukatize na wewe usinichekeshe. Kama kuna mteja hapo, mhudumie kwanza. Nitakusubiri.

Huku Shinyanga mvua inatishia tu. Wingu linakuja, linatanda juu ya reli, wanawake wanaanua nguo mbio mbio, kisha linakwenda zake bila hata kuomba radhi. Vumbi limekuwa kiungo cha mboga. Wenyeji wangu wananifundisha Kisukuma. Nikiingia wodini asubuhi nasema "mwangaluka", wagonjwa wanaitikia kwa furaha, halafu wanacheka mpaka wengine wanashika mishono, kwa sababu wanadai Kisukuma changu kina mchanga wa Kondoa. Kula ninakula, kabla hujauliza. Nimeizoea michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani, na nakutumia fuko moja kwa basi pamoja na barua hii. Uichemshe na karanga za kusaga, Baba ataipenda.

Sasa nije kwenye kazi, maana jambo lenyewe limezaliwa huko. Siku nilipohitimu ulipiga vigelegele ukasema, "Alhamdulillahi, kusoma kumekwisha." Hakukuisha, Dada, na hakupaswi kuisha. Mtaalamu wa lishe kama mimi, na vilevile msaidizi wake anayepima na kuandaa chakula cha mgonjwa wodini, hufanya kazi kwa leseni, na leseni hiyo haihuishwi mpaka mwenyewe athibitishe kuwa ameendelea kujifunza. Kila mafunzo anayohudhuria humpa alama. Lakini si kila mkutano wenye soda na maandazi huitwa mafunzo. Lazima uwe umekaguliwa na kupewa ithibati na kamati ya taaluma yetu iliyoko Dodoma. Bila ithibati hakuna alama, bila alama hakuna leseni, na bila leseni mtu anavua koti jeupe anarudi nyumbani.

Utaratibu huo siupingi. Ndiyo, mimi niliyepinga karibu kila utaratibu chuoni, huu siupingi. Mtu aliyekabidhiwa kinywa cha mgonjwa hana haki ya kubaki na ujuzi wa siku aliyovaa joho. Ninachopinga ni jiografia yake! Mafunzo yenye ithibati tuliyokuwa tukiyasikia yalifanyika Dar es Salaam na Dodoma, kwenye kumbi zenye zulia na viyoyozi, na aliyeko huku kwenye mkanda wa dhahabu aliambiwa ajitegemee. Yupo mama mmoja kule Buseresere, kwenye barabara ya kwenda Biharamulo, anaitwa Mama Kulwa, mama wa mapacha. Ni msaidizi wa lishe kwenye kituo cha afya. Akiondoka kwa wiki nzima kufuata alama, hakuna mwingine pale anayejua kuandaa maziwa ya tiba ya watoto waliodhoofu. Asipoondoka, leseni yake inakufa na watoto hao hao wanampoteza moja kwa moja. Nikasimama kwenye kikao cha hospitali nikauliza: kwa nini Mama Kulwa apande basi kuifuata elimu, wakati elimu haina wodi ya kuacha wala pacha wa kuwapikia? Kwa nini anayekaa mbali na hoteli ahesabiwe kuwa hataki kusoma? Watu wakapiga makofi. Mkuu wangu wa idara akasubiri makofi yaishe, akasema, "Vizuri sana. Basi andaa wewe."

Nikaandaa. Na maombi ya kwanza yakarudishwa.

Aliyenipigia simu kutoka kwenye kamati ni mama mmoja mpole wa sauti na mgumu wa msimamo, Bi. Nyanjige. Akaniambia, "Binti yangu, nimeyasoma maombi yako yote. Nilipomaliza nilitaka kuandamana. Ila sijajua bado, msaidizi wa lishe akitoka kwenye mafunzo haya ataweza kufanya nini ambacho jana yake hakuweza."

Dada, nilikasirika mpaka nikasahau kumshukuru. Nikampigia Mabula ili anisaidie kukasirika. Mabula utamkumbuka kwa jina: ndiye niliyemshinda uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, akakataa kunipa mkono mbele ya umati, kisha jioni akaja nje ya bweni letu na mahindi ya kuchoma kuomba yaishe. Siku hizi ni mtaalamu wa lishe kule Chato, kando ya ziwa. Badala ya kunitetea akaangua kicheko. "Zuhura, wewe bado unagombea! Watu wanakuuliza utafundisha nini, unawajibu utamwondoa nani madarakani." Nikamkatia simu. Halafu nikakaa, nikafuta kurasa zote za hasira, nikaanza upya kama Bi. Nyanjige alivyotaka. Kila kipindi kiwe na jambo moja ambalo mshiriki ataonyesha kwa mikono yake. Kila dai liwe na ushahidi wa kitaalamu nyuma yake. Mkufunzi awe na sifa, kuwe na kipimo mwishoni, na asiruhusiwe mfanyabiashara yeyote kuuza chake kwa mgongo wa elimu. Nilikuwa nikidhani ukali ni kusema kwa sauti. Hii kazi ilikuwa kali kuliko jukwaa lolote nililopanda.

Ikabaki mada. Sikutaka kuiokota vitabuni; nikasema twende tukaone wanachokutana nacho wenzetu. Nikaenda Buseresere kumtembelea Mama Kulwa kazini, na huko nikakuta kilichoninyima utulivu mpaka leo.

Aliletwa mtoto amevimba miguu, nywele zimegeuka rangi na kuwa nyepesi kama za mahindi machanga. Mama yake ni msichana tu, anaponda mawe kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Mama Kulwa akamketisha, akamwita mama kwa Kisukuma, akamuuliza taratibu, "Mayo, mtoto anakula nini?"

"Lishe."

"Na nini kingine?"

"Lishe, mama. Ile ya vitu vingi." Akafungua fundo la kanga akatoa pakiti, akaionyesha kwa fahari kama mtu anayetoa kitambulisho. "Namjazia uji kwenye chupa ya chai alfajiri, mdogo wangu anampa mpaka mimi nitoke kwenye mawe. Sijamkosesha hata siku moja. Bora nilale njaa mimi."

Mama Kulwa akanitazama. Nami nikaitazama ile pakiti. Dada, haikuwa yako. Yako haifiki huku. Lakini ilikuwa na picha ile ile ya mtoto mnene anayecheka, na kamba imefungwa vile vile unavyofunga wewe. Yule mtoto amepona, nikuondolee wasiwasi. Ila mada nilikuwa nimeipata.

Hapa ndipo nakuomba usiiweke barua chini.

Mada tuliyoichagua ni unga wa lishe. Ndio huo huo. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja na kufungwa pakiti moja, kama unavyouza wewe dirishani mkabala na kliniki. Ule ambao jirani yako wa ng'ambo ya barabara akiongeza dengu, wewe unaongeza mbegu za maboga. Naye akiongeza ngano, wewe unaongeza dagaa, kwa sababu mteja anahesabu vitu badala ya kumtazama mtoto. Tunawafundisha wataalamu na wasaidizi wao waache kuwashauri kina mama wanunue mchanganyiko huo, na tunawafundisha cha kuwaambia badala yake.

Sababu zake nitakueleza kama ninavyozieleza ukumbini, bila kukupunja. Soya na karanga haziivi kwa muda mmoja na ulezi. Mama akiona uji umechemka anauepua, kumbe soya bado mbichi, na soya mbichi humzuia mtoto asifaidi hata hicho alichokula. Karanga moja iliyoota ukungu ikishasagwa humo ndani hakuna jicho litakaloiona tena, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Unga wenye karanga na soya hauchelewi kuchacha; wewe mwenyewe unajua joto la Kondoa linavyoufanya ule wa chini ya gunia. Tumbo la mtoto likikataa, mama hajui kilichokataliwa ni kipi kati ya hivyo vyote. Na kubwa zaidi ni lile nililoliona Buseresere: mama akishaamini kwamba kila kitu kimo ndani ya pakiti, hatafuti kitu nje ya pakiti. Yai linauzwa, ndizi inauzwa, mchicha unaachwa kwa wakubwa, na mtoto anabaki na uji asubuhi, uji mchana, uji jioni.

Wala wewe na wenzako siwasemi kama wahalifu. Nakumbuka ulivyorudi kutoka kwenye ile semina ya kina mama katika ofisi ya kata, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Uso wako ulikuwa unang'aa. Afisa lishe alikuwa amewafundisha kuchanganya. Aliwaambia kadiri vitu vinavyozidi ndivyo mtoto anavyonawiri. Ulimwamini. Kwa nini usimwamini? Alikuwa msomi, alikuja na gari la serikali. Ukauza mbuzi, ukanunua magunia, na kutoka kwenye unga huo mimi nikapata daftari, sare, na nauli ya chuo. Taaluma ikaendelea, ikagundua, ikabadili kauli yake. Na yule afisa? Labda hakusikia. Labda hapakuwa na mafunzo ya karibu ya kumsogeza. Kwa vyovyote, hakurudi kwenye ofisi ya kata kuwaambia kina mama kwamba mambo yamebadilika.

Sasa nikueleze jinsi jina lako lilivyofika ukumbini.

Habari za mafunzo zilipoenea, akanifuata mfanyabiashara mmoja wa Katoro, Bwana Shija, mwenye mashine kubwa za kusaga na magari ya kusambaza unga wa lishe kwenye machimbo yote. Mtu mcheshi, amevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe. Akasema atalipia ukumbi, chakula, na nauli za washiriki wote. "Mimi sitaki kitu, mwalimu. Kila mshiriki aondoke na pakiti yangu moja tu. Na bango dogo hapo mbele."

Nikamwambia, "Bwana Shija, bango lako litakuwa nyuma ya mgongo wangu wakati nasema unga wako usinunuliwe."

"Usiseme hivyo basi! Sema unywe kwa kiasi."

"Elimu ya wagonjwa haiuzwi kwa pakiti!"

Akacheka. "Mwalimu, unga si bangi. Unanitimua kama nimeleta magendo." Nikamtimua kweli, na hotuba nikampa ya kumsindikiza mpaka kwenye gari. Ukumbi tukauazima kwenye parokia mjini Geita, bure, na washiriki wakaja na viporo vyao. Nilijiona msafi, Dada. Nilijiona nimesimama peke yangu upande wa haki.

Kamati haitoi ithibati kwa maneno matupu. Lazima mkaguzi aone kipindi cha majaribio. Bi. Nyanjige akaja mwenyewe. Washiriki walikuwa wameshaanza kuketi, majiko yanawashwa nje kwa ajili ya zoezi la upishi, Mabula yuko mstari wa mbele amekunja nne, Mama Kulwa kando yake. Bi. Nyanjige akanivuta pembeni. "Umeandaa tamko lako la maslahi?"

"Sina maslahi yoyote. Bwana Shija nilimfukuza mwenyewe."

"Sikuulizi habari za Shija. Wewe, mwenzi wako, au ndugu yako wa karibu. Yupo anayeuza chochote utakachokitaja leo?"

Nikalifunga daftari langu. Kisha nikasema, "Dada yangu. Anauza unga wa lishe."

"Basi utawaambia kabla hujaanza."

"Lakini Bi. Nyanjige, mimi nasema usinunuliwe! Ni maslahi gani hayo ya kumharibia ndugu yangu riziki?"

"Hilo wataamua wao. Kazi yako ni kuwaonyesha umesimama wapi unapozungumza. Ukificha hata kinachokuumiza, kesho mwingine ataficha kinachomfaidisha."

Nikapanda. Nikasema mbele ya watu wote: Dada yangu mkubwa, Mwanaisha, yuko Kondoa, anauza unga wa lishe mbele ya kliniki. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Unga huo ndio ulionisomesha mpaka nikasimama hapa. Na aliyemfundisha kuuchanganya hakuwa tapeli wa mtaani. Alikuwa mmoja wetu, mwenye leseni kama zetu. Ndiyo maana tunakutana leo, kwa sababu kosa la mtaalamu aliyeacha kusoma halikai chumbani kwake, linapikwa kwenye majiko ya watu! Washiriki wakasogea mbele kwenye viti. Nilihisi ile nguvu ninayoijua, ya watu walio tayari kunifuata.

Mabula akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwezeshaji." Alilitamka kama unavyolitamka wewe. "Hoja nzuri. Swali dogo tu. Huyo dada Mwanaisha, nani amerudi kumwambia kwamba tumebadilisha kauli?"

Watu wakaguna. Mama Kulwa akamsukuma bega. "Mabula, mwache mtoto wa watu afundishe."

"Simzuii, Mama Kulwa. Lakini wiki ijayo mimi natakiwa kumwambia mama wa Chato aache pakiti yake. Akiniuliza, 'Nyinyi kwenu mmeacha?', nimjibu nini? Zuhura, umeshamwambia?"

Dada, mimi nimejibu wakuu wa vyuo. Nimejibu mabango, vitisho, barua za onyo. Kwa swali hilo nilikuwa na neno moja tu.

"Bado."

"Haya," akasema Mabula, bila kucheka safari hii. "Tuendelee."

Tukaendelea. Tukatoka nje kwenye majiko, kila kundi likapika uji mzito wa nafaka moja, wengine ulezi, wengine mtama, kisha likaongeza karanga zilizochaguliwa, zikakaangwa na kusagwa pembeni, au maziwa, au dagaa waliotwangwa. Mboga na tunda vikapimwa kwenye bakuli kwa umri wa mtoto. Mama Kulwa akaonja akasema, "Huu ndio uji. Ule mwingine ni saruji." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nayazunguka majiko kama askari wa zamu, mpaka mtu mmoja akaniomba nikae kwa sababu nilikuwa nampa kizunguzungu.

Ijumaa Bi. Nyanjige akanipigia: tumepata ithibati. Alitaka tu nipunguze hotuba na kuongeza muda wa mapishi. Mama Kulwa atapata alama zake bila kuiacha wodi. Alipopata habari alinipigia akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja sana", kisha akalia kidogo, kisha akaniuliza kama nitakula kwake nikija. Jumatano tunaanza rasmi Buseresere. Na kuna jambo la pili aliloniambia Bi. Nyanjige, na hilo ndilo linalonizungusha chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wenzetu wa mkoa wa Dodoma wameomba kuyatumia mafunzo yetu kama yalivyo. Maana yake yatafika Kondoa. Yule msaidizi wa lishe wa kliniki, ambaye leo humwelekeza kila mama kwenye dirisha lako, atarudi kutoka mafunzoni akiwaambia wapite bila kununua. Na maneno atakayoyasema nimeyaandika mimi.

Sikutaka uyasikie kwake. Sikutaka ukae dirishani ukishangaa wateja wamekwenda wapi, kisha mtu akwambie, "Si mdogo wako ndiye aliyeanzisha?"

Najua utakavyonijibu. Utasema, "Na wewe uliyelelewa na uji huo mbona umefika chuo kikuu?" Ni kweli nilikunywa uji wako, Dada. Lakini hukuniachia uji peke yake kwenye chupa. Ulinipa yai la kuku wetu, ukanipigania maziwa kwa jirani, ukaninyima chai mpaka nimalize mlenda. Wewe hukuwahi kuiamini pakiti kuliko macho yako. Kina mama wanaonunua kwako wanaiamini.

Sikwambii ufunge. Nani angelisha nyumba? Nakwambia tenganisha. Uza ulezi peke yake na mtama peke yake. Karanga zichaguliwe na kukaangwa vizuri, zisagwe kando, ziwekwe kwenye kopo lake. Dagaa wakaushwe watwangwe, nao wawe na kopo lao. Mashine ni ile ile, mikono ni ile ile, na jicho lako kwenye karanga mbovu halina mfano Kondoa nzima. Miezi ya mwanzo itakuwa migumu. Sitakudanganya kwamba haitakuwa. Jirani yako ataendelea kuuza mchanganyiko wake na kukucheka. Wapo watakaokutukana: "Miaka yote ulikuwa unatuuzia nini?"

Hapo ndipo ninapokuja na ombi langu. Likizo yangu iko karibu. Niruhusu nije nikae nawe dirishani. Akija mama anayetaka ile pakiti ya zamani, nimweleze mimi. Akikasirika, anikasirikie mimi. Kama kuna wa kuulizwa miaka yote ilikuwaje, aulizwe mwenye taaluma, maana ni sisi tuliokuja na gari la serikali na ni sisi ambao hatukurudi. Nimepanda majukwaa mengi maishani na sijawahi kumwomba mtu ruhusa. Kwa dirisha hilo naomba, kwa sababu ni lako.

Ukikataa, Jumatano nitafundisha vilevile. Hilo nalo lazima ulijue. Siwezi kumnyima Mama Kulwa leseni yake, wala yule msichana wa mawe jibu lake, kwa kuogopa hasira yako. Lakini nitafundisha kama mtu aliyefukuzwa kwao.

Nisalimie Baba, na umwambie sijaacha kusali. Nisalimie Shemeji Ramadhani, dereva wa trekta, na umwombe asikusaidie kunikasirikia. Wewe peke yako unatosha. Msalimie Bibi mzaa mama, asomewe barua hii yote, hata palipo pachungu. Msalimie Mama Mkubwa anayekusaidia kupepeta, na kijana wa mashine. Sauda mbusu, mwambie mama mdogo hakumsahau, anatafuta viatu vya saizi yake.

Na ukimaliza kusoma, nipigie. Nigombeze utakavyo, niite jina lolote. Simu haitakuwa mbali nami nyumbani wala kazini. Kicheko chako nakiogopa kidogo. Kimya chako sitakiweza.

Ni mimi mdogo wako, niliyesukumwa na mkono wako mpaka huku,

Zuhura